Shusha Mabega, Mwanangu

Kirumba, Mwanza

Neema mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mdogo wako ameniambia shingo imekukaza, taya linauma ukiamka, na kila jioni ukitoka kazini unameza diklofenaki. Hizo dawa zinanitisha kuliko hiyo shingo. Kila siku, tena na njaa, zinachubua tumbo na kuumiza figo. Kama maumivu yanashuka mkononi au vidole vinakufa ganzi, nenda hospitali kabla hujanijibu.

Kama ni mawazo ya kazi, jaribu yoga hii kabla ya kulala. Simama peku sakafuni, miguu iachane kwa upana wa nyonga. Sikilizia uzito chini ya kidole gumba, chini ya kidole cha mwisho, na pande zote mbili za kisigino. Magoti yalegeze kidogo. Ukiyakaza kiuno kinabinuka na mgongo unaelemewa. Fumba mdomo lakini meno yasigusane. Shusha mabega. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Kutoa ndiko kwenye dawa: pumzi ikitoka taratibu, mapigo ya moyo yanapungua na misuli inaacha kujibana. Ukisikia kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno. Pumua kawaida kwanza.

Kisha piga magoti mkekani, kalia visigino, uiname paji la uso liguse chini. Lako halitafika, umezoea kiti mno. Weka mto, maana kichwa kikining'inia shingo haipumziki. Goti likiuma, kunja kanga uiweke nyuma yake. Dakika 3 zinatosha.

Malizia chali, makalio karibu na ukuta, miguu juu ukutani, dakika 5 hadi 10. Ikianza ganzi, ishushe. Usifanye ukiwa umeshiba. Shangazi yako ana presha ya macho, usimfundishe ya kuinama wala ya ukutani.

Kazi yako Dodoma mtaa mzima unaijua, nami naitamka kwa fahari. Ila zile sifa nilizokumwagia ulipokuwa ukikesha na vitabu, sizirudii tena.

Dagaa nimekufungia, wa kwenye chanja, hawana mchanga. Watakuja na basi la Jumamosi. Bati la jikoni limebadilishwa, halivuji tena. Kula ushibe jioni mapema, na hizo diklofenaki uziache. Jumapili nikipiga simu nitauliza zimebaki ngapi.

Mama yako