Si kila mzee anayesahau ana Alzheimer

Mhariri,

Hapa Malindi, mzee akianza kupotea njia ya kwao, watu husema ni uzee au karogwa. Baya zaidi, wengine husema yeye ndiye mchawi, na wazee wa kaunti hii ya Kilifi wameuawa kwa neno hilo. Hayo yameandikwa sana. Langu ni la hospitalini, ambako kila anayesahau huandikiwa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, akarudi nyumbani.

Kweli, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa Alzheimer ni asilimia 60 hadi 70 ya dimensia zote, yaani maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu, fikra au tabia. Hao waliobaki je? Wako ambao presha na sukari zimewaletea viharusi vidogo vidogo, kila kimoja kikiwaacha chini kidogo. Wako ambao kumbukumbu ni nzima ila tabia imegeuka.

Na wako wenye dimensia ya miili ya Lewy, yaani vibonge vya protini vinavyojikusanya ubongoni, kama shangazi yangu. Huwaona watoto wasiokuwepo sebuleni, akataka wapewe uji. Asubuhi huzungumza vizuri, adhuhuri hajui yuko wapi. Usiku hupigana ndotoni, na mwendo wake ni wa kuburura miguu. Jamaa walisema ni jini. Kisomo kikasomwa, na sina ubaya nacho. Hospitalini walisema ni kichaa, wakamdunga haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, atulie. Alikakamaa mwili mzima, hata maji yakawa hayapiti kooni. Dawa za aina hiyo huweza kuwadhuru vibaya wagonjwa wa Lewy, hata kuwaua.

Sidai mashine za bei. Marekani kwenyewe, mwigizaji Robin Williams aliambiwa ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Miili ya Lewy ilionekana alipopasuliwa baada ya kufa kwake mwaka 2014. Lakini maswali hayana gharama: ilianza ghafla au polepole? Anaona visivyokuwepo? Analalaje, anatembeaje, anameza dawa gani? Damu nayo ipimwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, kwani kusahau kwa sababu hizo kunaweza kutibika.

Naiomba idara ya afya ya kaunti iyaweke maswali hayo kwenye kadi ya mgonjwa, yajibiwe kabla ya sindano. Na aulizwe binti anayelala naye chumba kimoja, si kaka aliyekuja kutoka Mombasa kulipa bili.

Mlezi wa mgonjwa,
Malindi