Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama Wauzaji wa Mitumba Mtandaoni, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu kwa mwaka 2024. Mapato na matumizi ya chama yatasomwa na mweka hazina, kwa hiyo mimi nitajikita katika kazi yenyewe inayotukutanisha hapa, yaani kununua vitu vilivyokwisha kutumika, kuvisafisha, kuvipiga picha na kuviuza mtandaoni kwa faida. Niseme mapema msimamo wa kamati ili asiyekubaliana nao ajiandae kuupinga wakati wa mjadala: wanachama wengi waliolalamika mwaka huu kwamba biashara imekufa hawakukosa wateja. Faida yao iliishia njiani, kati ya meza ya muuzaji wa jumla na picha ya kwanza iliyopandishwa mtandaoni.

Mwaka haukuwa rahisi kwa upande wa mzigo. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza Novemba 2023, yalizilazimisha kampuni nyingi za meli kuacha njia ya Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, jambo lililochelewesha makontena yanayotoka Ulaya na kupandisha nauli yake. Shilingi ya Tanzania nayo, ambayo mwanzoni mwa mwaka ilikuwa karibu 2,500 kwa dola moja, ilivuka 2,700 kabla ya kuimarika ghafla mwaka ulipokuwa unakwisha. Juu ya hayo kuna ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa nguo zilizotumika ni asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kila kilo, na kinachotozwa ni kile kilicho kikubwa zaidi. Maana yake ni kwamba belo, yaani furushi la nguo lililofungwa, la kilo 45 haliwezi kulipiwa ushuru chini ya dola 18, liwe limejaa magauni ya daraja la kwanza au limejaa matambara, na gharama hiyo yote humfikia mnunuzi wa mwisho wa jumla, ambaye mara nyingi ni mmoja wetu.

Wapo wanaodhani mtumba ni neema isiyoweza kukauka. Hao wakumbuke kwamba mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia kuuondoa hatua kwa hatua, na kwamba Rwanda, iliyopandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo na kukataa kurudi nyuma, ilisimamishiwa na Marekani mwaka 2018 nafuu ya kuuza mavazi yake huko chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuzipunguzia ushuru bidhaa za nchi za Afrika. Nchi nyingine zililegeza msimamo, ndiyo maana leo tunao mzigo wa kuuza. Uamuzi wa namna hiyo hufanyika bila kutuuliza, na unaweza kurudi.

Sasa niingie kwenye kazi. Wengi wetu hatufungui mabelo. Tunakwenda kupointi, yaani kuchagua kipande kimoja kimoja, katika masoko ya Karume, Manzese au Tandika jijini Dar es Salaam, tukiwahi alfajiri ili tuchague kabla mzigo haujapekuliwa na wengine. Kupointi ndiko kunakoamua faida, na ndiko tunakofanya kwa haraka kuliko kazi nyingine yoyote. Mwanachama anaona koti zuri katikati ya vurugu, mtu wa pembeni naye ameshanyoosha mkono, analilipia bila kulifungua, na anapofika nyumbani anagundua kwapa limechanika au bitana imeoza. Kamati ilipopitia malalamiko ya wateja yaliyoletwa kwetu, ilikuta kwamba kasoro nyingi zilizolalamikiwa zingeweza kuonekana kwa muda mfupi sana: kugeuza nguo ndani nje, kuvuta zipu mpaka mwisho na kuirudisha, kuinua kola kwenye mwanga, kupitisha mkono mfukoni, na kunusa. Harufu ya uvundo wa stoo hutoka kwa jua na sabuni. Harufu ya jasho la miaka mingi kwenye kitambaa cha poliyesta mara nyingi haitoki, na mteja wa mtandaoni ataisikia atakapofungua mfuko.

Naomba nitumie muda kidogo kwenye raba, kwa kuwa zimetuletea ugomvi kuliko bidhaa nyingine zote. Raba iliyotumika kidogo na kukaa kabatini Ulaya kwa miaka minane au kumi huweza kuwa na uso safi kabisa na kamba nyeupe, nasi tukaipiga picha kwa furaha. Lakini soli zake za kati, zikiwa zimetengenezwa kwa povu la poliyurethani, huvunjwavunjwa polepole na unyevunyevu hata kama kiatu hakijavaliwa, na hewa yetu ya pwani haizisaidii. Mteja anaivaa mara mbili, soli inamenyeka kama mkate mkavu, anapiga picha makombo yake na kuyaweka mtandaoni pamoja na jina la ukurasa wa muuzaji. Muuzaji anaapa kwamba aliuza kiatu kizima, na kwa macho yake alikuwa mkweli. Fundi viatu mmoja tuliyemwalika kwenye semina ya mwezi Agosti alituonyesha namna ya kupima: bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba kwa nguvu, kisha kunja kiatu katikati na uangalie pembeni. Ukiona nyufa nyembamba, ukihisi unga unaonata kidoleni, au soli ikibonyea bila kurudi, iache mezani hata kama bei ni ya kutupa. Waliohudhuria semina hiyo wamepunguza malalamiko ya raba kwa kiasi kinachoonekana. Ambao hawakuhudhuria ndio tunaoendelea kuwapatanisha na wateja wao.

Kuhusu vipimo, kamati inasisitiza tena kwamba lebo si kipimo. Gauni lililoandikwa 12 la Uingereza ni karibu 8 la Marekani na 40 la Ulaya bara, na nguo iliyofuliwa mara nyingi haina tena ukubwa ulioandikwa. Laza nguo juu ya meza, ipime kwa futi ya fundi kifuani, kiunoni, mapajani na urefu, kisha andika sentimita hizo kwenye tangazo. Mteja aliyeko Mbeya hawezi kuijaribisha. Anachonunua kwako kwanza ni maelezo, nguo inafuata baadaye. Kwa sababu hiyohiyo kamati inapinga mtindo wa kuficha bei na kumwambia kila anayeuliza aje inboksi. Mtindo huo unaeleweka kwa muuzaji anayetaka kumpima mteja kabla ya kumtajia, lakini mnunuzi mwenye pesa na haraka hupita tu kwenda kwenye ukurasa ulioandika bei.

Kasoro nazo zitajwe na kupigwa picha kwa karibu, si kwa mbali. Mwanachama mmoja aliyebobea katika mikoba ya ngozi hupandisha picha ya mkwaruzo kabla hata ya picha ya mkoba mzima, na bei zake ziko juu kuliko zetu wengi. Nilimshangaa mwanzoni. Baadaye nilielewa kwamba wateja wake hawamwombi punguzo, kwa kuwa kasoro ambayo wangeitumia kushusha bei imeshahesabiwa kwenye bei yenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo yanayompotosha mlaji, kwa hiyo kuuza mkoba wa kuiga kwa jina la kampuni kubwa kunamweka mwanachama matatani na Tume ya Ushindani, na chama hakitamsimamia mtu kwenye jambo hilo.

Nije kwenye hesabu, ambako nadhani tunajidanganya zaidi. Tuchukue mfano wa mwanachama anayenunua jinzi kumi kwa shilingi 6,000 kila moja, jumla 60,000. Nauli na mbebaji ni 5,000, sabuni na pasi 5,000, fundi wa kubadili zipu mbili 4,000, mifuko 2,000 na bando 4,000. Jinzi hizo zimemgharimu 80,000, yaani 8,000 kila moja, ingawa kichwani mwake ameandika 6,000. Anaziuza 15,000 na anaamini ana faida ya 90,000. Wiki ya kwanza zinatoka sita, anapata 90,000, na hapo amerudisha mtaji na kubaki na 10,000 tu. Faida yake halisi imelala kwenye zile nne ambazo hazijauzwa. Mbili anakuja kuziuza baada ya miezi miwili kwa 10,000 kila moja. Mbili zinadoda. Ana 30,000 mkononi. Mteja mmoja sasa anarudisha jinzi kwa sababu kiuno hakikuwa kama kilivyoelezwa, anarudishiwa 15,000 yake, na muuzaji anabeba usafiri wa kwenda na kurudi wa 6,000. Zimebaki 9,000 kwa kazi ya miezi miwili, pamoja na jinzi tatu kwenye kikapu. Mtu huyu hakuibiwa wala hakukosa wateja. Angeshusha bei ya zilizobaki mwishoni mwa mwezi wa kwanza na kupima kiuno vizuri, hesabu ingesoma vingine.

Kwa upande wa mtandao wenyewe, wanachama watakumbuka kwamba mwezi Mei tulipata pigo mara mbili. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu tarehe 4, na usafirishaji ukawa mgumu kwa sababu ya mvua na upepo. Kisha tarehe 12 hitilafu kwenye nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikafanya intaneti iwe dhaifu kwa siku kadhaa nchini na kwa majirani zetu. Waliokuwa na namba za simu za wateja wao waliendelea kuuza kwa kupiga na kutuma ujumbe wa kawaida. Waliotegemea ukurasa mmoja wa Instagram walikaa. Wanaotunza namba hizo wazingatie kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi: namba ya mteja haigawiwi kwa muuzaji mwingine bila ridhaa yake, wala picha yake akiwa amevaa nguo yako haipandishwi bila kumuuliza.

Utapeli wa malipo umeendelea. Ujumbe bandia wa muamala unafanana sana na wa kweli, na bodaboda akiwa ameshaondoka ndipo muuzaji anapoangalia salio. Utaratibu ni mmoja: angalia salio, usisome ujumbe. Wanaotumia Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara kwa simu, wamesumbuliwa zaidi kidogo mwishoni mwa mwaka, baada ya huduma ya Tigo Pesa kubadilika kuwa Mixx by Yas mwezi Novemba, kwa sababu matapeli walipiga simu wakijifanya wanahakiki akaunti. Hakuna anayestahili kupewa namba ya siri, kwa jina lolote la kampuni.

Mizigo ya mikoani inayopitia Kituo cha Mabasi cha Magufuli imefika kwa kiasi kizuri. Vifurushi vilivyopotea ni vile vilivyokabidhiwa kwa kondakta bila risiti, na kampuni husika ya mabasi ilikataa kulipa, kwa haki, kwa kuwa haikuwa na kumbukumbu yoyote ya kuvipokea.

Kuhusu kodi, bado wapo wanachama wanaoamini kwamba kuuza kwenye simu si biashara. Kiwango cha mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, ambacho hakitozwi kodi ya mapato katika mfumo wa makadirio, kinahesabiwa kwa mauzo wala si kwa faida. Anayeuza jinzi 23 kwa mwezi kwa 15,000 ameshakivuka. Aende achukue namba ya mlipakodi kabla hajafuatwa. Vilevile nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango, na anayeuza simu za mtumba ahakiki IMEI ya kila simu, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, na amwombe aliyemuuzia kitambulisho, kwani kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi ni kosa hata kama umeinunua kwa bei ya halali.

Kamati ilipokea pendekezo la chama kuchanga na kuagiza mabelo yake moja kwa moja kutoka nje. Tumelijadili na hatuliungi mkono kwa sasa. Belo lililofungwa halionyeshi kilichomo, wapo waagizaji wenye uzoefu wa miaka mingi wanaoambulia hasara, na ugomvi wa kugawana vipande vibovu ungetumaliza sisi wenyewe. Badala yake tunaomba mkutano huu upige kura juu ya mambo mawili yaliyomo kwenye rasimu mliyogawiwa: kwamba kila tangazo la mwanachama liwe na bei, vipimo kwa sentimita na picha ya kila kasoro; na kwamba mteja aliyepokea kitu kisichofanana na maelezo arudishiwe pesa yake yote, pamoja na usafiri, akitoa taarifa ndani ya saa 48. Mkutano ukikubali, utaratibu utaanza tarehe 1 ya mwezi ujao, na malalamiko yatapokelewa na katibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti