Shukrani za watoto na wajukuu wa Bi Mkubwa, Tanga

Assalaam alaykum ndugu, majirani na wagosi wote mlioko Tanga na mlio mbali. Alhamdulillah tumeshaanua tanga, wageni wengi wameondoka, turubai limerudi kwa mwenyewe, na jana usiku sisi watoto tumekaa barazani tukaambiana jamani hapa kunyamaza haiwezekani, watu waliotubeba ni wengi mno.

Mama aliumwa siku 9 tu. Mnaomjua mnajua hakuwa mtu wa kulala, alfajiri ile alikuwa jikoni anakoroga kunde za bajia akaanguka, kumbe presha ilishampiga, kiharusi, upande wa kulia wote ukafa ganzi na maneno yakapotea. Mtu aliyekuwa akisema neno uwanja mzima unageuka, leo anatuangalia tu machozi yanamtoka. Siku ya nne mjukuu wake akamuuliza bibi nikuletee uji, akapunga ule mkono wa kushoto vilevile anavyowafukuza washika kibendera pale uwanja wa mpira wa Mkwakwani, tukacheka wodi nzima, kidogo tukapata matumaini.

Usiku wa siku ya sita ndio sitausahau. Tukaambiwa kuna kipimo cha kichwa na inabidi aandaliwe kwenda Dar, na hela inatakiwa asubuhi. Sisi tulikuwa tumeshauza cha kuuza. Saa 5 usiku kijana mmoja anayekaa na wenzie pale kijiweni akaandika kwenye grupu la mashabiki wa Coastal Union maneno mafupi tu, kwamba mama wa chai anaumwa, aliyewahi kunywa chai yake ajitafakari. Wallahi simu ya dada ililia mpaka chaji ikaisha, tukaihamisha laini kwenye simu nyingine ikaendelea kulia. Elfu moja, elfu mbili, elfu tano, mmoja yuko Muscat, mwingine dereva wa lori yuko njiani Tunduma. Tulikuwa tumekaa chini koridoni tunasoma majina tunalia, mengine hatuyajui mpaka leo. Ilipoadhiniwa alfajiri hela imetimia na imezidi.

Safari ya Dar haikuwa riziki yake. Allah alimchukua kabla, na Yeye ndiye mwenye kujua. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa wasiomjua (mnaweza kuwepo, ingawa sidhani kama mko Tanga), mama yetu aliipenda Coastal Union, timu yetu ya mpira hapa Tanga, tangu usichana na hakuwahi kupewa cheo wala hakukitaka. Alikuwa anauza chai, bajia na kashata, na wachezaji waliotoka mikoani hawana ndugu hapa walikula kwetu, jezi alizifua kwa mkono uani, sisi watoto kazi yetu kuanika, nyekundu huku nyeupe kule zisichujishiane. Mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa bara na watani zetu wa hapahapa Tanga, African Sports, wakabeba ule wa Muungano, alikuwa akisema mwaka ule mji haukulala na unga wa bajia ulimwishia. Halafu 2016 timu zote tatu za Tanga zikashuka daraja kwa mpigo, Coastal, Sports na Mgambo, watu wakasusa uwanja, yeye akabeba birika lake akaenda kama kawaida kuangalia daraja la kwanza, akisema mtoto akifeli darasa humfukuzi nyumbani. 2018 wakapanda. Ile fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2022 kule Arusha, Sopu wetu kamfunga Yanga matatu peke yake, tatu kwa tatu, zilipofika penalti mama akazima tivii akatandika msala. Tulikosa kombe, na yeye akatulaumu sisi eti tulikuwa tunachungulia matokeo kwenye simu.

Siku ya maziko kaka alisimama kama ilivyo ada akatangaza, yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, deni letu sisi. Kimya. Kisha mzee mmoja, mchezaji wa zamani, akainuka na mkongojo wake akasema mimi simdai, yeye ndiye ananidai, chai na bajia za msimu mzima na sikuwahi kulipa. Akatoa noti. Na mwingine akainuka. Na mwingine. Ikabidi sheikh aingilie kati maana jeneza linasubiri. Tunapenda kuwatangazia wote, daftari lake tumelikuta, kurasa nyingi kashazipiga mistari mwenyewe. Mliobaki tumewasamehe. Msilete hela tena, leteni dua.

Sasa asante. Madaktari na manesi, hasa yule nesi wa zamu ya usiku aliyekuwa anamgeuza mama kila baada ya saa 2 bila kuitwa na kumsuka nywele, dada Allah akulipe, hatuna cha kukupa. Kijana wa bajaji aliyetupeleka na kuturudisha siku zote 9 akikataa hata hela ya mafuta. Na jirani yetu Mama wa Sports, mtani wake wa miaka yote, walikuwa hawaongei wiki nzima timu zikikutana, yeye ndiye aliyeingia kumuosha mama na akinamama wenzie, akatoka akakaa na sisi siku zote za matanga hajarudi kwake, na alipoletewa khanga nyekundu na nyeupe ya kumfunikia mwenzie hakusema neno, akaikunjua.

Wengine mtuwie radhi tunawataja haraka: masheikh na maimamu, walimu na wanafunzi wa madrasa waliosoma hitma, viongozi, wachezaji na mashabiki wa Coastal wa zamani na wa sasa, watani wote wa Sports, wapika pilau, wachota maji, waliochimba kaburi, mwenyekiti wa mtaa, wauza samaki, ndugu wa Pangani, Muheza, Lushoto, Mombasa na Unguja, waliosafiri usiku wakakuta tumeshazika, na mliopiga simu tukashindwa kupokea.

Na hapa ndipo ninapoogopa. Tumeandika majina kwenye karatasi tatu na moja imepotea, nadhani imefungiwa maandazi. Kama hukutajwa au hukupigiwa wallahi si dharau, ni akili haijakaa sawa. Kama kuna aliyejibiwa vibaya pale hospitali siku zile na mmoja wetu, ni mimi, nisamehe.

Hela iliyozidi kwenye mchango hesabu yake anayo dada, njoo uangalie muda wowote. Tumekubaliana itanunua mipira na jezi za watoto wa mtaani kwa niaba ya mama iwe sadaka yake, asiyeridhika na hilo atuambie tumrudishie chake.

Arobaini tutasoma dua nyumbani baada ya swala ya Ijumaa, tarehe tutawatumia. Mashabiki mkija msije na vuvuzela tafadhali, tunawajua.

Sufuria mbili kubwa, mwiko mrefu na jamvi moja la kijani bado viko uani kwetu na hatujui ni vya nani. Mwenye navyo aje achukue, chai itakuwepo.