Fotoni haipatikani kwa kufifisha leza

Mhariri,

Ukiuliza kama chembe za nuru, yaani fotoni, zipo kweli au ni hesabu tu za wanafizikia, utajibiwa upesi: nuru hung'oa elektroni kwenye metali, Einstein alishaeleza mwaka 1905, basi. Jibu hilo halitoshi. Miaka ya 1960 wanafizikia Lamb na Scully walionyesha kwamba elektroni zinaweza kung'oka vilevile hata nuru ikibaki wimbi, mradi atomu zipokee nishati kwa mafungu.

Kipimo kinachobana ni cha kioo kinachopitisha nusu ya nuru na kuakisi nusu. Kila upande unaweka kitambuzi kinacholia kikipokea nuru, kisha unahesabu mara ngapi vyote viwili vinalia pamoja. Wimbi likigawanyika, vitalia pamoja angalau kwa kiwango cha bahati nasibu, yaani mara ambazo vitambuzi visivyohusiana vingelia pamoja kwa kubahatisha tu. Kisichogawanyika huenda upande mmoja tu.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanafifisha leza kwa vioo vyeusi, wakidhani sasa fotoni zinatoka mojamoja. Punguza hadi wastani wa fotoni 1 kwa mipigo 10 (mimweko mifupi ya leza): mipigo 90 hivi kati ya 100 itakuwa mitupu, lakini katika kila 100 yenye kitu, karibu 5 itabeba mbili au zaidi. Hata ufifishe vipi, milio ya pamoja haitashuka chini ya kiwango cha bahati. Na kitambuzi kimoja pekee hakisaidii, maana kikishalia huzubaa kwa makumi ya nanosekunde (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Zikija mbili pamoja, kinahesabu moja.

Mwaka 1986, Orsay, Ufaransa, wanafizikia Grangier, Roger na Aspect walitumia atomu za kalsiamu, ambazo zikichochewa hutoa fotoni mbili zinazofuatana. Ya kwanza, ya kijani, ilifungua dirisha la nanosekunde 9, muda ambao milio ilihesabiwa. Ya pili, ya zambarau, ikapelekwa kwenye kioo. Milio ya pamoja ilishuka hadi asilimia 18 hivi ya kiwango cha chini kabisa ambacho wimbi lingeruhusu. Kilichozuia sifuri ni atomu za jirani, zilizoweza kutoa nuru yao dirisha likiwa bado wazi.

Tatizo ni neno "chembe", linalotufanya tuwaze punje ya mchanga. Fotoni hizohizo zilipopewa njia mbili zinazokutana kwenye kioo cha pili, hesabu ya milio ilipanda na kushuka kadiri urefu wa njia moja ulivyobadilishwa, tena ikishuka karibu kabisa na sifuri. Punje iliyopita njia moja isingejua urefu wa ile nyingine.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro