Mwanangu, pampu usiitie kisimani

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Langoni, Lamu, hatujambo, alhamdulillahi. Fundi uliyemtuma amefika, amepima ua, akanambia wataka kisima kichimbwe zaidi kitiwe pampu, maji yapande tangini darini. Nimempa kahawa, nikamwambia asiguse jiwe mpaka nisemezane nawe.

Najua wanionea huruma ya kuteka. Mungu akulipe. Lakini pampu usitie.

Maji matamu ya kisiwa hiki ni ya mvua. Huzama mchangani yakakaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko ya munyu. Bwana mmoja wa mambo ya maji alitueleza kwamba kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa kuna kama futi 40 chini ya usawa huo. Basi ukiyapunguza juu kidogo tu, munyu hupanda sana kutoka chini. Ndoo huteka taratibu, kisima kikapata kujirudi. Pampu huvuta kwa nguvu mahali pamoja, na munyu huufuata mpira. Ukishaingia, kuutoa ni kungoja mvua za miaka. Kisima cha nyumba ya pili kilianza vivyo hivyo, na sasa sabuni haitoi povu, chai hainyweki. Tena chini ya ardhi hakuna ukuta wa ua: ukiharibu chako, umeharibu cha wenzio.

Wewe ndiye uliyesoma hesabu hata nikalia mbele za watu kwa furaha. Hii nayo nikufundishe mimi?

Takwa waijua, magofu yale ya kisiwani Manda. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni visima kuingia munyu. Wenyewe walivuka wakaja Shela, na mpaka leo watu wa Shela hurudi kwenye kaburi la kule kuomba mvua. Nyinyi huko Mombasa mwaletewa maji kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200, na bado mwanunua ya jerikeni. Sisi yetu tumeyakalia. Yakiharibika, ni nani atakayetuletea?

Mkeo ataka shawa, na sina ubaya naye, ni mtoto mwema. Ila shawa huweza kumwaga lita 10 kwa dakika moja. Wajukuu zangu wakicheza humo dakika 10 kila mmoja, ni ndoo tano za lita 20 kwa kila kichwa. Birika la maji la chooni na kata vyatosha. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita, nasi twafungulia bomba tukazungumza. Choo cha kuvuta, ukikitaka sana, kiwe cha vitufe viwili, na tangi lake likaguliwe. Likivuja kimya kimya hupoteza maji usiku kucha. Maji ya kusuuzia nguo mimi humwagia mkomamanga, na umezaa mwaka huu, nimekuwekea.

Fedha za pampu zitie kwenye mlizamu wa kushusha maji ya dari na tangi la mvua. Pate na Kiunga wana majabia yao, matangi ya kujengwa ya kukinga mvua, tangu zamani, hawakuona haya. Nduguyo amenipigia hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dari letu lina mita za mraba 60, basi mvua ya milimita 10 ni lita 600, na kisima hakijaguswa. Ifanywe kabla ya masika. Dari lipigwe chokaa, wala fundi asilipake rangi ya mafuta, itaoshwa iingie tangini tuinywe.

Harusi ya binti wa shangazi yako imesogezwa baada ya Idi, kwa hiyo usikate tiketi bado. Pampu, kama umeshailipia, irudishe. Mabomba ya mlizamu ya inchi 4 nunua huko huko, hapa ni ghali, na uyafunge vizuri yasivunjike gatini Mokowe wakati wa kupakia.

Mamako