Barua ya wazi kwa Meneja wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), Mkoa wa Tanga

Ndugu Meneja,

YAH: WAFANYAKAZI KUKATAA NYONGEZA KWA KUOGOPA KODI

Salaam. Jirani yangu hapa Ngamiani, fundi mitambo, alikataa kupandishwa mshahara. Ukishatoa mchango wa hifadhi ya jamii, angetoka shilingi 520,000 hadi 560,000. Wenzake wakamwambia akivuka 520,000 anaingia kwenye asilimia 20. Akapiga hesabu: asilimia 20 ya 560,000 ni 112,000, atabaki na 448,000, na sasa hivi anaondoka na 500,000. Akamwomba bosi amwache alipo.

Miezi saba baadaye ndipo akanieleza, kwenye kijiwe cha kahawa. Niliumia sana. Nimeandaa mishahara ya watu miaka mingi, basi nikamwomba muuza kahawa vikombe vitano vitupu, nikavipanga kwenye benchi.

Mshahara wako, nikamwambia, unamiminwa kikombe cha kwanza. Hiki kinabeba 270,000 na Serikali haigusi hata senti. Kikijaa, kinachofurika kinaingia cha pili, chenye nafasi ya 250,000. Hapo inachukua asilimia 8, na kikijaa hiyo ni 20,000. Cha tatu kinabeba 240,000 kwa asilimia 20, cha nne 240,000 nyingine kwa asilimia 25. Kinachovuka milioni moja ndicho kinachoangukia cha tano, asilimia 30. Nyongeza yako ingetia 40,000 tu kwenye kikombe cha tatu, na asilimia 20 yake ni 8,000. Kodi yote 28,000. Mkononi 532,000.

Akakishika kile cha pili. "Kwa hiyo hiki kinabaki na asilimia nane yake ileile?"

Ileile, nikamjibu.

Akanyamaza. Naamini alikuwa anazidisha 32,000 kwa miezi saba, kama nilivyozidisha mimi: 224,000.

Ndugu Meneja, si yeye peke yake. Nawajua wanaokwepa hata ovataimu kwa hofu hiyohiyo. Jedwali la kodi ya mishahara linasema 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kiasi kinachozidi 520,000. Jicho la mtu linatua kwenye ile 20, na neno "kinachozidi", ambalo ndilo lenye siri yote, linampita. Slipu ya mshahara nayo inamwonyesha tarakimu moja tu ya makato. Hata unafuu wa Julai 2020, kima kisichotozwa kilipopanda kutoka 170,000 hadi 270,000, na wa mwaka uliofuata, asilimia 9 iliposhuka kuwa 8, uliingia mfukoni mwake bila yeye kujua.

Naomba maofisa wako waende Pongwe na kwenye mashamba ya mkonge wakati wa kubadilishana zamu, na mfano mmoja wa hesabu, mkubwa, kwa Kiswahili cha kawaida, ubandikwe ukutani. Naomba pia uwahimize waajiri waonyeshe kwenye slipu kila kiwango kimechukua ngapi.

Jirani yangu alirudi kwa bosi kuiomba nyongeza ile. Ameambiwa asubiri bajeti ya mwakani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga