Fleti iliyorudi sokoni baada ya dakika kumi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu makazi hapa Marekani ilisema ubaguzi wa nyumba ulizikwa mwaka 1968. Huenda ulizikwa, ila mimi nimeongea nao kwa simu.

Nilipiga kuulizia fleti. Mama aliyepokea, baada ya kuisikia lafudhi yangu, akasema: "Pole, imeshachukuliwa." Dakika kumi baadaye mfanyakazi mwenzangu, Mmarekani mweupe, akapiga namba ileile. Akakaribishwa kuiona jioni hiyohiyo.

Zamani walau waliandika. Ramani za serikali za miaka ya 1930 zilipaka nyekundu mitaa ya watu weusi, na mikopo ya nyumba ikawa haifiki huko. Hati nyingi zilikataza asiye mweupe kukaa ndani ya nyumba, isipokuwa awe mtumishi. (Akipika alale, akilipa asilale.) Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilizizuia mahakama kutekeleza masharti hayo, lakini maneno yenyewe yangali kwenye hati za nyumba nyingi mpaka leo.

Sheria ya 1968, iliyotiwa saini na Rais Johnson wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ilikataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi, dini au nchi ya asili. Jinsia iliongezwa 1974. Ulemavu na kuwa na watoto, 1988. Hata uongo nilioambiwa mimi umetajwa humo: kusema nyumba haipo ilhali ipo.

Shida ni kwamba sheria humngoja mlalamikaji, na anayedanganywa kwa adabu hajui kuwa amedanganywa. Anashukuru, anakata simu. Bila yule mwenzangu ningeamini nimechelewa tu. Ndiyo maana mashirika ya kutetea wapangaji hutuma watu wawili wenye kipato kilekile, rangi tofauti, kisha hulinganisha majibu waliyopewa. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua kuwa hata mtu wa kutumwa akidanganywa anaweza kushtaki, ingawa hakuwa na nia ya kupanga. Makala yenu haikuligusa hilo.

Wala haikutaja muda. Malalamiko hupelekwa Wizara ya Nyumba ndani ya mwaka mmoja. Kesi mahakamani, miaka miwili. Mimi nimeyajua haya mwezi wa kumi na tano tangu simu ile. Wizarani nimechelewa. Mahakamani nimebakiwa na miezi tisa, na namba ya yule mama bado ninayo.

Mpangaji,
Minneapolis